Swali la Jinja

"Jibu!"

"Soma tena, tafadhali."

Mkalimani wa waliotushika alivuta pumzi kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito. Aliisogeza simu karibu na macho, akasoma kwa Kiingereza cha kuungaunga:

"Linatoka kwa mchumba wako. Linasema: siku ile mvua ilipotukamata Jinja, tulikula nini?"

Mwenzangu Ojera, aliyekuwa ameegemea ukuta kando yangu, alinigusa kiwiko.

"Sema basi," alininong'oneza kwa Kiswahili. "Taja chochote mlichokula."

"Ojera, sijawahi kwenda Jinja na Oketch."

"Fikiria vizuri. Njaa inasahaulisha."

"Nimefikiria. Jinja nimefika mara moja tu maishani, na nilikuwa na kwaya ya kanisa."

"Basi bahatisha. Sema samaki. Jinja kuna samaki."

"Na nikikosea?"

Ilikuwa siku ya nane tangu tukamatwe, na sote wawili tulijua lile swali ni la nini.

Mimi naitwa Lakot. Kwetu Waacholi jina hilo ni la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kazi yangu ni kugawa msaada. Shirika letu la Kampala lilitupeleka mimi na Ojera ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Yemen. Ojera alikuwa mtu wa malori na ghala. Mimi nilikuwa mtu wa foleni ya wanawake, kwa sababu kule tulikokuwa wanawake hawakutaka kuandikishwa na mwanamume wasiyemjua. Mimi ndiye niliyewashika kidole gumba wakakichovya kwenye wino. Mimi ndiye niliyewahesabu watoto waliojificha nyuma ya mabuibui ya mama zao. Tulifanya hivyo miezi minne, unga, mafuta na dengu. Watu huku nyumbani wanadhani kazi hii inaendeshwa na huruma. Huruma inaisha wiki ya kwanza, ndugu zangu. Baada ya hapo unachotaka ni gunia lifike, basi.

Siku tuliyokamatwa tulikuwa na malori mawili ya unga, tunaelekea bonde moja ambalo lilikuwa limekaa wiki sita bila chakula. Watu wenye silaha wakatusimamisha njiani. Unga haukufika.

Sasa, kazi yetu ina fomu. Kabla hujapanda ndege unaandika maswali matatu ambayo wewe peke yako unaweza kuyajibu, pamoja na majibu yake, na ofisi inayafungia kwenye bahasha. Ukitekwa, hayo ndiyo wanayokuuliza, ili wajue kweli uko hai na si mtu mwingine anayejibu kwa jina lako. Swali likishatumika limekufa. Halirudiwi, maana waliokushika wameshasikia jibu. Asubuhi ya safari mimi nilikuwa nimechelewa. Niliandika swali moja tu. Kwenye nafasi ya yale mawili nikaandika: "Mumuulize mchumba wangu, Oketch. Ananijua kuliko ninavyojijua."

Cheka tu, nakuruhusu.

Lile swali moja lilitumika siku ya tatu. Siku ya nane tukahamishwa, tukaangukia mikononi mwa kundi jingine, na wazee wa kule waliokuwa tayari kutuombea tuachiliwe wakataka uthibitisho mpya. Ojera alishajibu lake. Lilibaki langu.

"Waambie," nilimwambia mkalimani, "sijawahi kwenda Jinja na yeye. Andika hivyo hivyo."

Aliandika. Tukangoja mpaka jua likahama kutoka mguu wangu mmoja hadi mwingine. Simu ikalia. Akasoma, akanikunjia uso.

"Wanasema si wewe."

"Si mimi vipi?"

"Mchumba wako anasema Lakot angejua. Anasema huyu si Lakot."

Mkubwa wao aliuliza kitu kwa Kiarabu, akajibiwa, akaitupa simu juu ya mkeka. Sikuhitaji mkalimani kuelewa. Kwao, watu wetu walikuwa wanawachezea. Kwa ofisi ya Kampala, mmoja wetu yuko hai na mwingine labda ameshakufa, na huwezi kuombea wawili kama hujui una wangapi. Waliotushika nao wakakataa katakata kututoa mmoja mmoja. Kila kitu kikasimama.

Ojera alifungua kimfuko chake cha dawa. Alikuwa mgonjwa wa sukari, anajichoma sindano kila siku.

"Zimebaki za siku nne," alisema.

"Watazungumza tena kesho."

"Ndiyo. Wazee walisema wataomba mgonjwa atoke kwanza, sivyo?"

"Ndivyo walivyosema."

Kesho haikuja na simu, wala kesho kutwa. Mimi, mjinga wa kutupwa, nilizitumia siku hizo kumtetea Oketch.

"Labda ni fumbo," nilimwambia Ojera. "Lakot ni mvua. Labda anataka kuniambia kitu ambacho hawa hawatakielewa."

"Na Jinja?"

"Sijui bado."

"Lakot, mimi Akot wangu hana mafumbo. Unajua swali letu ambalo bado hawajaniuliza ni nini? Siku ya harusi yetu nilianguka ndani ya nini."

"Ulianguka ndani ya nini?"

"Karai la maharage. Na suti ya kuazima!"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili, na ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka. Sindano ziliisha. Alianza kuomba maji, akayaomba mchana kutwa, halafu akaacha kuomba. Siku ya kumi na saba, asubuhi watu wakinywa chai, Ojera alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Siku ya kumi na tisa mkalimani alirudi na simu.

"Kuna swali jingine. Limetoka kwa baba yako. Anasema: siku uliyozaliwa paa lilikuwa linavuja. Nilikukinga na nini?"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Baba yangu, Mzee Ocira, alikuwa sajini wa polisi. Mimi nilizaliwa kambini, ndani ya zile nyumba za bati za duara zenye mlango mfupi, ambazo watu wa kambi huziita mama-ingia-pole. Hadithi ya mvua ile anaisimulia kila Krismasi, utake usitake.

"Kifuniko cha sufuria la posho," nilisema. "La kikosi kizima."

Baada ya siku tatu tulitoka. Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Ojera alitoka amezungushiwa turubai letu la msaada, lenye nembo ya shirika juu ya kifua.

*

Oketch alinipokea Kampala kwa maua na machozi. Ni Mkenya wa Kisumu, ana duka la jumla la mahema na maturubai pale Kisenyi, na aliyenikutanisha naye ni Aoko, rafiki yangu wa tangu chuoni, mtu wa kwao. Aoko ndiye niliyekuwa ninaishi naye nyumba moja. Ndiye angenisimamia harusini. Siku hiyo walinikumbatia wote wawili kwa pamoja, mmoja huku na mwingine huku, na mimi nikashukuru Mungu kwa watu wangu.

Nilikwenda kupumzika kwa Baba. Kesho yake asubuhi ujumbe ukaingia:

"Babe bado siamini uko hapa. Jumapili kwa maombi ya shukrani nataka kutangaza tarehe ya harusi mbele ya Mzee. Please usikatae."

Nilimpigia.

"Oketch, kabla ya tarehe. Lile swali la Jinja."

"Swali gani, mpenzi?"

"Uliloniuliza nikiwa kule. Mvua, Jinja, tulikula nini."

Nilisikia mtu wa dukani kwake akibishana na mteja.

"Aa, hilo! Hao watu wa ofisi yako walichanganya. Mimi nilisema Ggaba. Wakaandika Jinja."

"Ggaba tulinyeshewa lini?"

"Babe, umetoka kwa mateso. Daktari alisema usijichokoze na hayo mambo. Wacha tuangalie mbele, sawa?"

"Sawa," nikasema.

Nasema kweli tupu: nilimwamini. Nilimwamini siku mbili nzima, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hamu ya kuolewa. Siku ya tatu Akot, mjane wa Ojera, alikuja kunisalimia. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Dada Lakot, ofisi wanasema ilikuwa shida ya swali. Swali gani hiyo imeua bwana yangu?"

Nikachukua boda hadi Nakasero, ofisini.

*

Sifuna ni ofisa wa usalama wa shirika, Mbukusu mmoja mpole ambaye hupiga pasi mpaka mikono ya shati. Aliponiona alisimama, akafunga mlango.

"Nilijua utakuja, dada."

"Niambie ulivyomuuliza Oketch. Usinipunguzie kitu."

"Nilimpigia saa nne asubuhi, siku ya nane. Nikamwambia, nipe jambo moja ambalo nyinyi wawili tu mnalijua. Hakufikiri hata dakika. Akasema Jinja."

"Hakusema Ggaba?"

"Ggaba? Hapana. Jinja. Nikamwomba na jibu, lazima liandikwe kabla. Akasema hindi la kuchoma. Hindi moja, mligawana."

"Halafu jibu langu likaja."

"Likaja. Nikamsomea neno kwa neno: 'Sijawahi kwenda Jinja na yeye.' Nikamuuliza, ndugu, una hakika mlienda? Akasema, nina hakika, Lakot anajua, huyo si yeye."

"Alisema 'huyo si yeye.'"

"Ndiyo. Nikamwomba swali lingine. Nikamweleza kabisa kwamba Ojera ni mgonjwa, hatuna siku. Akasema amechanganyikiwa, nimpe nafasi. Tangu hapo simu yake haipokelewi. Nimeenda dukani mara mbili, naambiwa amesafiri."

"Siku ngapi, Sifuna?"

Alitazama meza.

"Kumi na moja. Kisha mzee wako akaja mwenyewe."

Hilo la Baba nilikuwa nimelisikia kwake. Alivaa viatu vyake vya paredi, akavipiga rangi, akaingia pale Nakasero kama amekuja kukamata mtu. Akawaambia: "Nyinyi nauliza mwanaume ya juzi habari ya toto yangu? Uliza mimi. Mimi ilikuwa pale siku alizaliwa."

Sifuna alifuta uso.

"Na mimi nina kosa. Ningekuja kwa mzee mapema. Lakini fomu ilisema Oketch, na maandishi yalikuwa yako."

"Ndiyo," nikasema. "Maandishi yalikuwa yangu."

Nilishuka zile ngazi. Oketch alikuwa amekula hindi Jinja kwenye mvua, na mtu. Mtu huyo alikuwa amekaa moyoni mwake kiasi kwamba alipoulizwa habari zangu, ndiye aliyejitokeza. Nilichokuwa sijui ni nani.

*

Jumapili ya shukrani nyumba ya Baba ilijaa. Walikuja majirani wa zamani wa kambini, watu wa kanisa, Akot na watoto wake wawili. Oketch alifika na suti ya bluu na katoni tatu za soda. Mimi na Aoko tulikuwa jikoni tunamenya matoke, mikono imejaa utomvu, yeye akinisimulia gauni alilolichagua.

"Wee Lakot, ukiliona utalia. Mgongo wote uko wazi. Pastor atafunga macho."

"Aoko, nimekumbuka kichekesho kimoja."

"Leta."

Naapa sikuwa nimemshuku. Nilitaka tu kuutua ule mzigo kwa mtu ninayempenda, nimwambie kila kitu, anishike mkono. Nilianza na swali kwa sababu ndilo lililokuwa mdomoni.

"Siku ile mvua ilipotukamata Jinja, tulikula nini?"

"Hindi," alisema Aoko, kisu kikiendelea kumenya. "Moja, tena mbichi upande mmoja, mvua si ilizima yale makaa ya…"

Kisu kilisimama.

Sebuleni watu walianza wimbo wa sifa. Aoko hakuinua kichwa. Niliona sikio lake tu, na hereni ya dhahabu niliyomletea kutoka safari ya kwanza.

"Ni wewe," nilisema.

"Lakot…"

"Ni wewe, Aoko?"

"Ilikuwa mara moja. Tulienda kuona mzigo wake, gari ikaharibika. Mara moja tu, naapa kwa kaburi ya mama."

"Sijakuuliza mara ngapi. Nakuuliza ulijua lini kwamba ameniuliza la kwako."

Alianza kulia. Nilimwacha alie. Siku zile nilikuwa nimeshajifunza kungoja.

"Siku hiyo hiyo," alisema mwishowe. "Alikuja mchana. Akasema, nimekosea, nimewapa ya kwako. Lakot amejibu hajui."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia… tungoje kidogo."

"Mngoje nini?"

"Labda watauliza mtu mwingine! Ningesema nini, Lakot? Ningeenda kwa Sifuna nimwambie nini, mimi?"

"Ungemwambia, 'Uliza lingine.' Maneno mawili, Aoko. Hata jina lako usingetaja."

"Niliogopa. Kila siku nilisema kesho. Kila siku nilikuwa kanisani nikikuombea, waulize wachungaji!"

"Uliniombea."

"Kila siku!"

"Basi Mungu alikusikia. Ojera ndiye hakuwa na muda wa kungoja maombi yako."

Nilinawa mikono. Utomvu wa matoke hautoki kwa maji, kila mtu wa Kampala anajua hilo, nikaenda sebuleni hivyo hivyo na vidole vyeusi. Oketch alikuwa ameshasimama, chupa ya soda mkononi, anatabasamu.

"Na huyu hapa malkia mwenyewe! Mzee Ocira, wazazi wangu, mbele ya wote nataka kusema tarehe…"

"Oketch, keti."

"Mpenzi, wacha nimalize."

"Ulikula hindi Jinja na Aoko. Keti."

Wimbo ulikuwa umeisha lakini mwanamke mmoja wa nyuma aliendelea kupiga makofi mawili matatu kabla hajatambua. Oketch alitazama mlango wa jikoni. Aoko alikuwa amesimama pale na kisu, uso umelowa, na hapakuwa tena na kitu cha kukana.

"Lakot, twende nje tuongee."

"Nilikaa siku ishirini na mbili mahali ambapo sikuruhusiwa kutoka nje. Hapa panatosha."

"Ulimi uliteleza! Sifuna alinipigia ghafla, nina wateja, akili imeruka. Mtu hawezi kukosea?"

"Anaweza. Ulikosea saa nne asubuhi, na hilo nilikuwa tayari kukusamehe. La Aoko nimelijua jikoni sasa hivi, na hilo nalo labda ningekuja kukusamehe, baada ya miaka. Lakini Sifuna alikusomea maneno yangu. 'Sijawahi kwenda Jinja na yeye.' Ulijua palepale kwamba ni mimi, kwamba niko hai na ninasema kweli. Ukamwambia, 'Huyo si yeye.'"

"Niliogopa kukupoteza!"

"Kwa hiyo ukaniacha nipotee."

Baba alikuwa ameinuka. Nilimpungia mkono angoje.

"Nakupenda," Oketch alisema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba yalikuwa ya kweli. "Lakot, nakujua. Miaka mitatu. Hakuna mtu anakujua kama mimi."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Swali moja. Ambalo mimi peke yangu naweza kulijibu. Ofisi ilikuomba siku kumi na moja hukulipata. Nakuomba mimi sasa. Ukilipata, taja tarehe yako."

Akamtazama Baba, akasema taratibu, kama mtoto anayenakili kwa mwenzake:

"Kile… kile kifuniko cha sufuria…"

"Hilo ni langu!" Baba alinguruma. "Tafuta yako!"

Hakuna aliyecheka. Tulimngoja. Nilimwona akipekua miaka mitatu yetu kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, mfuko huu, mfuko ule, na jasho likimtoka kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa na maswali ishirini juu yake. Nilijua wimbo anaouimba akinyoa ndevu, na kovu la wembe lililo chini ya goti lake, na jina la mbwa aliyemzika akiwa darasa la nne. Yeye hakuwa na hata moja langu.

"Sasa nani alijua Ojera atakufa?" alilipuka ghafla. "Hiyo mnataka kunibebesha mimi?"

Hapo ndipo Akot aliposimama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, mtoto mdogo amemlalia. Alimlaza mtoto polepole, akajitengeneza kitenge.

"Bwana Oketch. Mimi hapana jua wewe. Nauliza moja tu."

"Mama, pole sana kwa…"

"Ile siku ya kumi na saba. Ile siku bwana yangu alikufa. Wewe ulikula nini?"

Oketch hakumtazama hata kidogo. Aligeuka akamtazama Aoko, kwa mazoea tu, kama mume anayemuuliza mkewe, "Siku ile tulikula nini vile?" Na Aoko akaficha uso.

Chumba kizima kilielewa.

"Toka," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kambini ambayo wanajua ni mbaya kuliko kelele. "Nyinyi wawili. Hii nyumba yangu hapana mama-ingia-pole. Mlango iko kubwa. Toka sasa, wima, watu wote waone nyinyi."

Walitoka. Oketch alisahau chupa yake ya soda juu ya meza, nusu imenywewa. Akot akaichukua, akaenda kuimwaga nje.

*

Jumatano ujumbe uliingia. Nilikuwa nyumbani kwa Akot, tunaanika nguo.

"Lakot najua huwezi kunisamehe. Lakini kumbuka urafiki wetu wa miaka yote. Ilikuwa mara moja tu. Aoko."

Nilijibu: "Siku kumi na moja si mara moja." Nikafuta namba. Ya Oketch nilikuwa nimeshaifuta. Niliambiwa na watu wa Kisenyi kwamba bado wako pamoja, na wengine wakaniambia hawasalimiani. Sikuuliza ipi ni kweli.

Kuna watu waliotaka nilie zaidi. Kuna waliosema mchumba ni mchumba, ana duka lake, ningemfunga mdomo Aoko nikaolewa. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi dhiki yangu iliwapima wote kwa siku moja, asubuhi moja, kwa swali la hindi. Waliofaa walikuwa mzee mmoja wa polisi mwenye viatu vya paredi, na mtu wa malori aliyezikwa Lira.

Mwezi wa tatu tangu nirudi, Sifuna alinipigia.

"Dada Lakot, njia ya lile bonde imefunguka. Unga umeshashuka bandarini. Wanahitaji mwanamke wa foleni. Si lazima uwe wewe."

"Nani mwingine yuko?"

"Hakuna bado."

"Basi ni mimi."

"Mzee atakubali?"

"Mzee ameshapiga viatu rangi. Anasema atanisindikiza mpaka kwenye ngazi za ndege."

Niliingia ofisini Nakasero mapema, saa mbili kabla ya wakati. Sifuna akanipa fomu na kalamu. Nilikaa nayo bila haraka. Mtu wa kuwasiliana naye: Ocira, baba. Swali la kwanza likatoka kambini, nikaliandika na jibu lake. La pili lilihusu karai la maharage, nililoambiwa na mtu mmoja tu, na Akot akaniruhusu kulitumia. Nikafika la tatu. Nikaandika, nikamsukumia karatasi.

Sifuna alisoma, akavua miwani.

"Dada, hili la Jinja lilishatumika. Swali likishatumika limekufa."

"Nililijibu, Sifuna. Hamkulipokea jibu langu."

"Lakini kila mtu hapa anajua jibu. Hindi."

"Hilo ni jibu lao. Andika langu."

Aliishika kalamu, akangoja. Nje kwenye vioo mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na watu wa boda walikuwa wanakimbilia vibarazani.

"Siku ile mvua ilipotukamata Jinja, tulikula nini?" alisoma kwa sauti, taratibu, jinsi nilivyostahili kusomewa kule.

"Sikuwepo," nikasema.

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akafunga bahasha.